Chai ya Makabati

Kila asubuhi Shangazi alipika sufuria mbili za chai. Ya kwanza ilikuwa na maziwa na sukari, na hiyo ilikuwa ya binadamu. Ya pili ilikuwa nyeusi tii, imechemka mpaka imekasirika, na ndani yake mliogelea misumari yenye kutu. Hiyo ilikuwa ya makabati.

Mpwa wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kinanda kwa kuwa mdomo wake ulihitaji kuguswa tu ukaanza kutoa muziki, alichovya brashi katika sufuria ya pili na kulipaka kabati lililotoka kwenye randa juzi. Kufikia mchana kabati lilikuwa limezeeka kuliko Shangazi. Kisha alitoboa vitundu vya wadudu kwa msumari mwembamba, akapuliza vumbi, akalitafutia ukoo. Hapo ndipo kipaji kilipohitajika. Kabati la vioo lilifaa kuwa la jaji mstaafu. La droo nyingi liliachwa na daktari wa meno aliyehamia ng'ambo kwa huzuni. Meza ndogo zote zilitoka kwa wajane, maana nani ana uso wa kubishana bei na mjane?

Asubuhi hiyo brashi ilikuwa hewani waliposikia hodi. Mlangoni alisimama dada mmoja wa mtaa wa nyuma, yule anayeshona na kukodisha gauni za harusi za enzi za mabibi. Kinanda akatupia turubai juu ya jaji mstaafu. Shangazi, kwa kupaparika, akamkaribisha mgeni kiti na kumchotea kikombe. Akachota kwenye sufuria ambayo siyo.

Mgeni alipiga funda moja. Akachungulia ndani ya kikombe kama mtu aliyeona sura anayoifahamu.

"Chai yenu ina nguvu," alisema.

"Ya mlimani hiyo," alisema Kinanda bila kupepesa. "Inaongeza damu."

"Nimeisikia ikiongezeka." Akakiweka kikombe chini taratibu. "Kaka, nina kabati la vioo nyumbani, la bibi yangu. Lina taa kwa ndani. Nataka kulitoa."

Kinanda alihisi moyo ukimpiga teke. Ili msomaji asimwone mtu mzima anatetemeka bure, ni vizuri kueleza kwamba bibi mmoja mwenye hoteli alikuwa ameahidi kununua makabati ya kale kwa ajili ya vyumba vyote vya hoteli yake, kwa sharti moja. Jumamosi angekuja na shemeji yake, mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye jumba la makumbusho na ambaye hakuruhusu mtu yeyote kusahau hilo. Shemeji angelikagua kabati moja. Likiwa la kweli, yote yangenunuliwa kwa imani. Likiwa la uongo, bibi huyo angeutangazia mji mzima. Karakana ikifungwa, na kile chumba cha nyuma anacholala Shangazi kingekwenda, na Shangazi angerudi kuishi kwa mwanawe, ambako mkamwana alikuwa akificha sukari. Na Kinanda, katika maisha yake yote ya makabati ya kale, hakuwa na hata moja la kale.

"Kulitoa," alirudia, kama mtu anayeonja.

"Linaniziba chumbani. Ila ni zito, na mimi sina watu wa kubeba."

"Dada, nikwambie ukweli," alisema Kinanda, maneno aliyoyatumia tu pale ambapo hakuwa na mpango huo. "Makabati ya taa siku hizi ni balaa. Nyaya zake zimechoka. Mtu analala vizuri, anaamka kwenye moshi. Hata wanaookota vyuma wanayapita. Lakini wewe ni jirani. Nitakutolea bure."

"Bure?"

"Hata chai usininunulie."

"Chai sitaki kuisikia kabisa," alisema mgeni. "Njoo kesho ulione."

Alipoondoka, Shangazi alishika kichwa. "Mwanangu, nimemnywesha kabati."

"Shangazi, umemlainisha. Kashafika shimoni mwenyewe, tumtumbukize tu."

Kesho yake Kinanda alisimama chumbani kwa yule dada fundi gauni na kwa muda akasahau kudharau. Kabati lilikuwa limejipinda pembeni kama mtu anayetabasamu. Juu lilikuwa na vioo vya kusukuma, mgongoni kioo cha kujitazamia, rafu za kioo kinene chenye rangi ya maji kwenye ukingo. Chini lilikuwa na milango miwili ya kuhifadhia vitambaa, na bawaba za shaba. Taa ilijificha nyuma ya ubao mwembamba uliochongwa, ili mtu aone mwanga bila kuona balbu. Kinanda alikuwa ametengeneza uongo wa kabati hili miaka yote. Leo alikutana na ukweli wake, na ukweli ulikuwa mzuri kuliko alivyousimulia.

"Baya sana," alisema.

"Kweli?"

"Bawaba zimelegea. Vanishi imekufa. Taa yenyewe hii haiwaki."

"Basi halitoki," alisema fundi gauni, akitoa pini mdomoni. "Bibi aliniachia wosia kwamba lisitoke chumbani likiwa gonjwa, na lisitoke gizani. Litengeneze kwanza, taa iwake, ndipo ulitoe."

Kinanda hakubishana na wosia. Isitoshe, Jumamosi lilitakiwa kung'aa mbele ya shemeji. Akajitia huruma, akavua koti.

Akawa anakuja kila siku. Alikaza bawaba. Alipiga msasa kwa mkono, polepole, kwa kufuata mistari ya mbao, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipojifunza useremala kwa baba yake. Alivuta waya mpya, akabadilisha holda ya taa, akailinda swichi ya zamani kama yai. Fundi gauni alikaa kwenye cherehani chumba cha pili, akamtania kupitia mlango.

"Fundi, mbona unalipapasa hivyo kabati la kutupwa?"

"Namuaga marehemu."

"Basi msiba huu umekupendeza. Unaimba."

Kweli alikuwa anaimba. Alianza kuja na chupa ya chai, ile ya binadamu. Siku moja akasimulia kuhusu baba yake, na alipokuwa njiani kurudi akashtuka kugundua kwamba hadithi nzima ilikuwa ya kweli, haina jaji wala daktari wa meno. Akahisi kama aliyetoka nje bila viatu.

Jumamosi ilifika na mkokoteni na wapagazi. Kinanda, ambaye hakuweza kufanya jambo bila kuliwekea jukwaa, alikuwa amemwambia mwenye hoteli aje hapo hapo nyumbani, aone kwa macho yake kabati likitoka kwa watu wa zamani. Gari likasimama. Mwenye hoteli akashuka, shemeji akafuata na kijitochi chake.

Kabati likatoka chumbani kwa kuguna na kulaumiana, likapita korido, likafika barazani. Mkokoteni ulikuwa kulia.

"Kushoto kidogo," alisema fundi gauni.

Wapagazi wakaenda kushoto.

"Kushoto tena. Ingizeni humu. Hapo penye soketi. Basi, lishusheni."

Lilishushwa kwenye duka lake la gauni kando ya baraza, kwenye dirisha la mbele, mahali palipofagiliwa mapema kabisa. Lilienea kama lililopimiwa. Lilikuwa limepimiwa.

Kinanda alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Dada," alinong'ona, "si ulisema unalitoa?"

"Nimelitoa. Lilikuwa chumbani, sasa liko dukani. Wewe ulisikia nini?"

Wapagazi walitazamana, kisha wakaanza kutazama viatu vyao, mabega yakiwatikisika.

Fundi gauni akabonyeza swichi. Mwanga ukashuka nyuma ya ule ubao, ukatembea juu ya rafu za kioo, na mbele ya mwanga huo akatundika gauni mbili za rangi ya maziwa yaliyoiva. Mwenye hoteli alishika kifua. Shemeji aliingiza kichwa, akamulika, akagonga, akanusa, akatoka na uso wa mtu aliyeshindwa kulaumu.

"Hili ni la kweli," alisema. "Na aliyelitengeneza ana mkono."

"Nalitaka," alisema mwenye hoteli.

"Haliuzwi, mama. Ni la bibi."

"Na gauni hizi?"

"Nazo za bibi," alisema fundi kwa upole. "Hizo naweza kuachana nazo."

Hapo Kinanda, aliyekuwa amesimama karibu na gauni, alivuta pumzi. Alivuta tena. Aliijua harufu ile kuliko harufu ya nyumba yao. Ilikuwa chai nyeusi, na misumari yenye kutu. Akamgeukia fundi. Fundi akamtazama bila kupepesa, kwa ustadi ambao Kinanda alidhani ni wake peke yake.

Alikuwa na la kusema, na lilikuwa tamu. Akalimeza.

"Wewe ndiye uliyelitengeneza?" shemeji alimuuliza. Kinanda akaitika kwa kichwa.

"Basi achana na yale ya kutuuzia," alisema mwenye hoteli. "Stoo ya hoteli ina makabati ya mama mkwe wangu yamejaa vumbi. Njoo Jumatatu uyafufue kama hili. Yote." Akaondoka na gauni mkononi, na shemeji akamfuata huku akielezea mambo ya makumbusho. Kwa hiyo Shangazi alibakia na chumba chake na sukari yake, na Kinanda alipata kazi kubwa kuliko zote bila kutamka neno, jambo ambalo lilimuuma kidogo.

Mkokoteni uliondoka mtupu. Dukani wakabaki wawili na taa.

"Umeniingiza mjini," alisema Kinanda.

"Kwa neno moja tu. Wewe ulikuja na hotuba."

"Ungesema tu unataka lisogezwe."

"Ungekuja?"

Kinanda alifikiri. "Nisingekuja."

"Umeona."

"Na bibi hakuacha wosia wowote."

"Bibi alikuwa mtu wa maneno machache," alisema fundi. "Na ile siku nilipoonja chai yenu, nilijua nimefika kwa wenzangu."

Kinanda alizunguka kabati. Aligusa kioo. Akasafisha koo.

"Hii swichi itabidi niipitie kesho. Inaweza ikalegea."

"Haijalegea."

"Bawaba, basi. Kuhama kunazichosha."

"Umezikaza mwenyewe."

"Rafu ya juu..."

"Fundi," alisema yeye, na safari hii hakuwa anatania, "kabati halina ugonjwa wowote. Sema unachotaka."

Kinanda alifungua mdomo. Alisubiri muziki uanze, kama siku zote, na muziki haukuja. Akatazama viatu vyake, akatazama taa, akamtazama yeye.

"Nataka kuja kesho," alisema. "Hakuna cha kutengeneza. Nataka tu kuja."