Viatu vya Aubin na Mguu wa Karatasi

Jumatatu, 2 Juni

Siku tano zimebaki. Jumamosi tunamaliza kilio cha Aubin, kaka yangu mkubwa, na baada ya maombi ukoo utagawa nguo zake. Mashati wachukue. Koti wachukue. Mimi nataka viatu.

Viatu vyenyewe: ngozi rangi ya divai, ncha ndefu, kisigino kigumu. Aubin alivitoa Kampala, akavivaa kwenye kila harusi ya Goma aliyoalikwa na kadhaa ambazo hakualikwa. Kisigino cha kulia kimelika. Cha kushoto ni kizima, maana sukari ilimla mguu wa kushoto mwaka jana, na tangu siku ile alivaa kimoja. Mwezi wa nne ikammaliza yeye mwenyewe.

Mpinzani: Akonkwa, mtoto wa baba mdogo. Wiki hii amemtembelea Exaucée, mjane wa Aubin, mara tatu. Hakuna mtu mwenye huruma kiasi hicho. Anafuata viatu.

Leo pia kituo cha afya, kwa kuwa mimi nami nina sukari, mwaka wa sita. Athanasie, muuguzi, aliniambia nifumbe macho. Atagusa nyayo zangu kwa uzi mgumu, nami niseme ndiyo kila nikisikia. Sikusikia kitu. Lakini mimi ni katibu wa shule. Kwa miaka ishirini na miwili nimeona kila namna ya kuiba mtihani. Nikasikiliza kiti chake. Kila kilipolia, nikasema ndiyo. Kwa ndiyo ya tano akaniambia: "Muzee, niko naandika. Sijakugusa bado."

Muzee! Nina miaka hamsini na minne.

Akanisimamisha juu ya karatasi ngumu, akauzungusha mguu wangu wa kushoto kwa kalamu, kisha wa kulia, akakata zote mbili. Akasema nikitafuta viatu niende alasiri, mguu ukiwa umevimba kidogo. Niweke karatasi ndani. Ikikunjika popote, kiatu hicho si changu. Kiwe kipana mbele, kimefunikwa, laini ndani, bila mshono wa kukwaruza. Kabla ya kuvaa niingize mkono, maana katika mji huu uliojengwa juu ya mawe ya volkano kijiwe hakikosekani. Jioni nitazame nyayo. Nisitembee miguu mitupu hata ndani ya nyumba. Mguu wangu, alisema, hauwezi tena kupiga kelele ukiumia. Kwa hiyo macho yafanye kazi yake.

Nimeandika yote kwa mpangilio mzuri. Miguu: haijatazamwa. Nimechoka kwa kuandika.

Jumatano, 4 Juni

Nshobole, mke wangu, hakuniuliza. Alisimamisha pikipiki hapa mtaani kwetu Mapendo, akanipeleka Ndosho kwa Havugimana, fundi viatu. Havugimana naye hakupima. Alinitazama usoni, akauliza kama mimi ni ndugu ya marehemu Aubin, kisha akanyoosha mkono akatoa msumarini jozi iliyojaa vumbi.

Vyeusi. Vipana. Pua ya mviringo. Soli ya tairi, ndani sponji na ngozi laini. Mikate miwili iliyoungua!

Alivishona kwa kipimo cha Aubin, miaka mitatu iliyopita, Aubin akiwa na miguu yote. Aubin alivitazama, akacheka sana, akasema atarudi kesho. Tangu siku hiyo viko msumarini.

Nshobole akaingiza karatasi yangu. Ililala humo kama mtoto aliyeshiba. Hakuna ilipokunjika, kushoto wala kulia. Nikasema vinanibana. Nshobole akauliza wapi. Nikasema kwenye heshima.

Havugimana alikuwa na misumari mdomoni. Akaitoa ili ajibu vizuri: "Heshima haina vidole, papa. We uko na kumi."

Nshobole alivichukua. Viko karibu na mlango sasa. Nimevifunika kwa beseni.

Ijumaa, 6 Juni

Kazi ya akili leo! Nilikwenda kwa Exaucée saa mbili asubuhi, kabla ya kitu chochote kuvimba, hata karatasi. Nikamwambia nimekuja kumpa pole. Akaingia jikoni kuchemsha chai bila sukari, kwa ajili yangu. Viatu vilikuwa chini ya kitanda, vimefungwa ndani ya kitambaa cha kanisani.

Niliingiza karatasi. Ilikunjika upande wa kidole kidogo. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kujiandaa, nilikuwa na makasi mfukoni. Nikapunguza. Ikakunjika tena. Nikapunguza tena, mpaka kidole kidogo kikaondoka chote. Sasa karatasi imelala vizuri kabisa.

Exaucée alipoleta chai, aliniuliza kama sukari yangu imepanda, maana natoka jasho. Halafu akasema: shemeji, kesho chukua lile koti la baridi, bado ni jipya. Nimemwelewa. Amekwisha kumwahidi Akonkwa viatu.

Jumamosi, 7 Juni

USHINDI.

Wazee walikaa uani. Padri alikwisha kuondoka. Nguo zilipangwa juu ya mkeka, na viatu mwisho. Akonkwa akasimama wa kwanza, akasema yeye ndiye aliyemsukuma Aubin kwenye kiti cha magurudumu, kwa hiyo anaomba viatu. Akasema vizuri, nakiri. Wazee walianza kutikisa vichwa kwa kukubali.

Nikasimama. Nikasema baba mmoja, mama mmoja, mguu mmoja. Nikatoa karatasi ya Athanasie. Nikaeleza kwamba hiki ni kipimo cha hospitali, si maneno ya mtaani. Nikaiingiza kwenye kiatu mbele ya wote. Ililala! Wazee wakapiga makofi. Akonkwa alijaribu mguu wake, ukagoma kisiginoni.

Nshobole alikuwa amesimama na akina mama. Alitazama karatasi, kisha akanitazama mimi. Yeye anaijua karatasi ile.

Akonkwa alinifuata hadi barabarani. "Yaya, muguu ya karatasi haitembeake," alisema, akiniita kaka mkubwa kama siku zote. Wivu. Nikamwambia achukue koti.

Exaucée alilia sana viatu vilipotoka. Ni kawaida. Ni kumbukumbu.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Soksi mbili, kijiko cha kuingizia kisigino, dakika kumi na moja. Viliingia.

Sasa niandike jambo hili polepole. Nilipotoka chumbani, kisigino kiligonga sementi. Ko. Ko. Nshobole alikuwa jikoni anakaanga. Nikasikia sufuria imewekwa chini. Akatoka mbio, uso umefunguka, akiniangalia kama mtu anayetazama nyuma yangu. Halafu akaona ni mimi, akaketi kwenye kigoda.

Miaka thelathini Aubin aliingia nyumba hii kwa mlio huo, kila Jumapili, kabla ya misa, akiuliza kama chakula kimebaki. Tangu akatwe mguu ulikuwa nusu; tangu Aprili sikuwa nimeusikia kabisa. Nilisimama mlangoni. Nikasema: "Ni mimi."

Nilikwenda kanisani kwa miguu, njia nzima, ili niendelee kuusikia. Penye mawe haukusikika. Penye sementi ulirudi. Nilipanda na maandamano ya matoleo, sikuwa na kitu cha kutoa, nilipanda tu.

Na habari kubwa: havikuniumiza hata kidogo! Saa tano nzima, bila maumivu yoyote. Athanasie hajui viatu.

Jumatatu, 9 Juni

Soksi ya kushoto imeng'ang'ania mguu. Niliiloweka ikatoka. Ina doa. Ndani ya kiatu nilikuta kijiwe cheusi, kidogo kama punje ya mtama. Kimeingia lini? Labda jana. Labda ni cha Aubin, kilikuwa humo tangu zamani. Nimekiweka kwenye bahasha, nikaandika tarehe.

Kuna kidonda upande wa kidole kidogo. Hakiumi, kwa hiyo si kikubwa. Soksi nimeificha nyuma ya bidoni ya maji. Miguu: mizuri.

Alhamisi, 12 Juni

Nimevaa viatu kazini siku tatu. Sementi ya shule ni nzuri kuliko ya kanisa. Mwalimu mmoja alisema natembea kama marehemu ndugu yangu. Nilimwitia maji ya kunywa, nikamshukuru, nikaingia ofisini nikafunga mlango kidogo.

Nyumbani Nshobole ananusa. Anasema kuna kitu kimeoza. Nikamwambia ni panya, amekufa mahali. Alihamisha kabati, godoro, magunia ya makaa. Nilimsaidia kutafuta. Nilitafuta kwa bidii, hata nikainama chini ya meza na tochi. Kichwa kinaniuma kidogo, na nasikia baridi.

Jumamosi, 14 Juni

Hakuna panya.

Nshobole alikaa mbele yangu asubuhi, akaniita kwa jina la binti yetu, akauliza: "Papa Dorine, ni panya gani ile, iko nakufuata mpaka ku kazi?" Alisema hata kwenye shule wananusa. Nikamwambia shule nayo ina panya.

Akashuka sakafuni. Akafungua kamba za kiatu yeye mwenyewe, akavuta soksi. Nilitazama dirishani. Nilimsubiri apige kelele. Hakupiga. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba Exaucée aliwahi kumsimulia. Aubin pia alisema ni panya.

Nimeandika sentensi hiyo kwa sababu mimi huandika kila kitu. Sasa tunasubiri pikipiki.

Alhamisi, 19 Juni. Hospitali

Kidole kidogo cha kushoto kiliondoka jana. Daktari alisema tuna bahati, siku mbili zaidi angeongea habari ya mguu mzima. Sikuona kitu. Niliuliza wanakipeleka wapi, wakanifunika shuka.

Nshobole analala kwenye mkeka kando ya kitanda changu. Anapodhani nimelala, anahesabu vidole vyangu juu ya shuka, akivigusa kimoja kimoja. Sisikii akivigusa. Naona tu.

Athanasie alikuja baada ya kazi, akiwa amevaa nguo za kawaida. Nilitegemea hotuba. Hakutoa. Aliniuliza kama niliingiza karatasi kwenye kiatu. Nikasema ndiyo, na haikukunjika. Huo ndio ukweli.

Akonkwa naye alikuja, na chupa ya maji ya matunda ya marakuja, isiyo na sukari. Nilijua amekuja kuuliza viatu, na kweli aliuliza! Nikamwambia bado niko hai. Hapo akainamisha kichwa kwenye chuma cha kitanda akalia, mtu mzima, wagonjwa wote wakitazama. Akasema hakuvitaka avivae. Exaucée alimwomba avipate ili wavichome moto, maana ndivyo vilivyoanza kumla Aubin, na mjane hana sauti mbele ya wazee siku ya kugawa. Akasema: "Yaya, nilikuwa nakukinga."

Nimelifikiria jambo hilo alasiri yote. Sasa naelewa kila kitu. Walikuwa wawili dhidi yangu tangu mwanzo.

Jumamosi, 26 Julai

Nyumbani wiki ya nne. Kidonda kimefunga. Nshobole ametoa vile vya Havugimana chini ya beseni, amevipiga rangi, ameviweka mlangoni vikitazama nje. Kila asubuhi anaingiza mkono ndani, kushoto, kulia, kisha ananivisha. Ni laini. Sitasema uongo katika daftari langu: ni laini sana. Havitoi mlio wowote. Naingia chumbani na hakuna anayejua kwamba mtu ameingia.

Jana Athanasie alinichora mguu mpya, kwa sababu umebadilika. Akanionya kwamba sasa vidole vilivyobaki vinabeba kazi ya aliyeondoka, kwa hiyo uangalifu uwe mara mbili. Akakata karatasi, akanipa.

Leo Nshobole yuko sokoni Virunga. Nilitoa karatasi ya jana, na ile niliyoipunguza kwa makasi nyumbani kwa Exaucée. Nikazilaza moja juu ya nyingine mezani, nikazishika kwenye mwanga wa dirisha.

Zinalingana. Kila upande!

Kwa hiyo sikukosea kipimo. Nilitangulia tu.

Wote wanadhani viatu vilichomwa. Akonkwa alichoma boksi bila kulifungua; nikiwa hospitalini nilimtuma mlinzi wa shule avitoe humo. Viatu vilikuwa ndani ya kabati la ofisi, nyuma ya faili ya mwaka 2009, ambayo hakuna anayeifungua. Nilivichukua Jumatano. Leo nimejaribu cha kushoto, bila kijiko, bila kusukuma. Kimeingia kama mtu anayerudi kwake. Kupalizwa kwa Maria ni tarehe kumi na tano Agosti, siku ishirini zimebaki, na barabara ya kanisani wanaitia sementi.

Nimevaa na cha kulia, nimetembea hatua chache kutoka meza hadi mlango. Ko. Kisha kimya kidogo, mguu wa kushoto ukitafuta pa kusimama. Kisha ko.

Hivyo ndivyo Aubin alivyotembea kwa magongo mwaka wake wa mwisho, kabla ya kiti cha magurudumu. Nimerudi mezani nikageuka, nikatembea tena.

Miguu: mizuri.