Sifuri Saba Nilizofuta

Jumatatu, 3 Machi
Bosi Clovis amesema kipindi changu cha majaribio kinaisha Jumamosi. Nikishindwa, narudi Karagwe nilikokulia, kwa shangazi na maneno yake. Kazi yenyewe: programu ya mashine ya kumimina maziwa, kwenye baa ya maziwa ya Mama Illuminée, mtaa wa Gisimenti. Christella wa meza ya pili ofisini ameikagua. Kasema kila hesabu niiandikie sifuri ya kuanzia, nisiiachie mashine ikisie. Mjuaji! Bosi anapenda programu fupi. Nimefuta sifuri zote saba.

Jumanne, 4 Machi
Nimeijaribu nyumbani, Kagugu. Nusu lita kamili. Nikazima, nikawasha, nikajaribu tena. Nusu lita kamili! Christella atanitambua.

Alhamisi, 6 Machi
Yampayinka, makubwa haya! Leo mashine imeanza kazi. Mteja wa kwanza, nusu lita. Wa pili, lita nzima. Wa tatu, lita moja na nusu, kwenye kikombe cha nusu! Kumbe inaendeleza hesabu ya mtu aliyetangulia. Mama Illuminée kashika kichwa: maziwa kumwagika hivyo ni kufukuza baraka nyumbani kwake. Nimesingizia umeme. Kurudisha sifuri? Christella aone? Heri nife.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata dawa: mashine ikizimika, inasahau hesabu. Nimekaa kando ya soketi tangu saa moja asubuhi. Mteja akiondoka, nachomoa waya. Akija mwingine, nachomeka. Wateja arobaini na wawili, nusu lita kila mmoja! Jasho mpaka kwenye soksi. Mama Illuminée kauliza kama naumwa. Nimesema naupenda ukuta huu.

Jumamosi, 8 Machi
Mungu wangu. Bosi kaja na Christella, na saa hiyohiyo Mama Illuminée kanifukuza penye soketi, anataka kupiga deki. Mteja wa kwanza kapita salama. Wa pili alikuwa na jagi, akashukuru. Wa tatu, bosi. Maziwa mpaka ndani ya viatu! Nikajificha nyuma ya friji, nikamsikia Christella akigonga kompyuta. Dakika kumi, karudisha sifuri, mashine ikatulia. Mama Illuminée kanitoa huko kwa mkono. Kaniuliza kama nimewahi kumwona akimimina maziwa kwenye kikombe bila kukisuuza na kukichungulia ndani, hata kama kimetoka kabatini. Nikasema hapana, mama. Sijui vikombe vimeingiaje hapa.

Bosi kanipa mwezi mmoja, wa mwisho kabisa. Nitengeneze programu ya lifti ya jengo letu, ghorofa sita.

Jumatatu, 17 Machi
Programu ya lifti tayari. Fupi ajabu! Sifuri sikuandika hata moja. Lifti si maziwa, inajua yenyewe iko ghorofa ya ngapi. Christella hajaiona, na hataiona. Bosi ataizindua kesho saa tatu, na amenialika nisimame naye ndani. Nimemwambia daktari amenishauri nitumie ngazi.