Bizari Kidogo Tu

Jumanne, 10 Septemba

Mkahawa mtupu tena. Asubuhi nzima mteja mmoja, na huyo aliingia kuuliza choo kiko wapi. Ng'ambo ya barabara kwa shemeji Tranquilino, aliyemwoa dada yangu kisha akanifungulia mkahawa puani, magari yamepangana hadi kanisani. Mji wote unanukia pilipili za kuchoma, msimu wenyewe ndio huu, na mimi nimekaa nafukuza nzi.

Haya yote kwa ajili ya bizari nyembamba. Kijiko kimoja! Ilikuwa sikukuu ya parokia, sufuria kubwa ya mchuzi wa pilipili nyekundu wa mke wangu Eduvigen iko jikoni, na watalii wa Texas wako njiani. Watu wa Texas hupenda bizari. Alipogeuka tu, nikatia. Kumbe mji mzima una pua. Mzee Abundio akaweka kijiko chini, akauliza kwa sauti nani kafia jikoni. Ukumbi ukaangua kicheko. Eduvigen akaonja, akanitazama, akavua aproni, akaitundika msumarini. Hajarudi tangu hapo. Huku kwetu mwanamke atamsamehe mumewe hata ulevi, lakini pilipili ni pilipili, kitunguu saumu na chumvi, basi. Ujinga mtupu.

Leo dereva wa lori kaapa kwamba huko kusini kala pilipili nyekundu iliyomtoa machozi, na kwamba mkono ulikuwa wa Eduvigen, hana shaka. Mkahawa gani? Hakumbuki. Una mlango wa bluu. Dereva huyo! Kazi yake barabara, na hajui alikokula.

Nimeamua. Nitakula kila mkahawa wa kusini mpaka nimpate nimrudishe nyumbani. Nitajifanya mwandishi wa jarida la chakula kutoka Dallas, ili wanifungulie majiko yao. Dunia ni ya wenye akili.

Jumatano, 11 Septemba

Mji wa Socorro. Mlango wa bluu! Moyo ukaruka. Kisha nikakumbuka kwamba nusu ya milango ya jimbo hili ni ya bluu.

Mama mmoja mwenye kalamu nyweleni akanijia na swali letu la pilipili: nyekundu au kijani? Swali ambalo nimewauliza watu maisha yangu yote. Lakini leo mimi ni mtu wa Dallas. Nikamwuliza ipi haiwashi. Ulimi uliona haya kulitamka neno hilo.

Akanihurumia! Akaniita mwanangu, akaniletea enchilada, zile chapati za mahindi za kukunja, kavu, mchuzi kwenye kibakuli cha pembeni kama wa mgonjwa, na glasi ya maziwa. Maziwa! Mimi niliyeachishwa ziwa kwa pilipili! Wazee wa meza ya jirani wakanishauri nionje polepole, na ikinizidi nilambe asali. Nikaomba kuona jiko. Mpishi ni mwanamume mwenye masharubu. Nilitamani kuwaambia mimi ni nani, nikashindwa. Nikanywa maziwa.

Alhamisi, 12 Septemba

Hatch. Kufungua mlango tu, nani huyo pembeni? Tranquilino! Miwani myeusi, kofia kubwa, anajiita mnunuzi wa pilipili kutoka Arizona. Bila shaka yule dereva alikula kwake pia, na mdomo wake hauna kufuli. Naye anamtaka Eduvigen, kwa jiko lake.

Sikumsemesha, naye hakunisemesha. Lakini mkahawa ulikuwa umejaa, na mhudumu akatukalisha meza moja. Wote tukaagiza kijani. Maria Mtakatifu, kijani ile! Tukala tukitazamana. Machozi yalimtiririka chini ya miwani. Yangu hayakuwa na miwani ya kujificha. Jagi la maji lilikuwa katikati yetu, hakuna aliyeligusa. Alikuwa amenisikia nikijitambulisha kwa mhudumu, akaniuliza Dallas kukoje. Nikamwambia kunanyesha. Mara kwikwi ikanishika, nikanywa jagi zima.

Akanipa pole. Akasema, "Usijali, mgeni. Nasikia huko kwenu mmezoea bizari." Mhudumu akacheka mpaka akashika kiti. Shenzi kabisa.

Lakini anayecheka mapema hanijui mimi. Nikatoa simu nikajifanya naongea kwa sauti ya juu: Deming? Una hakika Eduvigen yuko Deming? Deming ilinijia tu kichwani. Niliwahi kuharibikiwa na gari pale, hakuna kitu ila vumbi. Tranquilino akaruka kama aliyekalia siafu, akaacha hata sopaipilla yake, andazi la kwetu, imejaa asali. Nikaila. Tamu! Nenda, shemeji, kale vumbi.

Ijumaa, 13 Septemba

Mikahawa mitatu Las Cruces. Milango mitatu ya bluu. Tumbo linanguruma, Eduvigen hayupo.

Jioni dada yangu Orlinda akapiga simu. Anacheka na kulia kwa pamoja. Mumewe kampata Eduvigen. Wapi? Deming! Eti kamtuma Orlinda anishukuru mimi kwa kumwelekeza.

Mama alikuwa akituambia mchimba kisima huingia mwenyewe. Hakutuambia kwamba maji atayanywa shemeji.

Jumamosi, 14 Septemba

Deming. Vumbi lile lile. Nje ya mlango wa bluu, Tranquilino kakaa juu ya boneti ya gari lake. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana. Akasema ameshamwomba Eduvigen aje kumpikia, na Eduvigen kamjibu kwamba hatatoa jibu mpaka anisikie mimi kwanza. Akaniambia, "Shemeji, mwombe radhi tu umchukue mkeo. Orlinda ananisumbua usiku na mchana." Mnafiki! Nikampita.

Eduvigen mwenyewe akaja mezani. Mvi zimeongezeka. Zimempendeza. Akaniuliza, kama anavyomwuliza mpita njia yeyote, nyekundu au kijani.

Nikasema Krismasi. Ndivyo tusemavyo tukitaka zote mbili sahani moja, na ndivyo nilivyomjibu siku ya kwanza kabisa, kwenye kaunta ya mama yake, kwa sababu nilikuwa nikimtazama yeye na sikusikia swali vizuri. Siku hiyo alicheka. Leo hakucheka, lakini alisimama kidogo kabla ya kwenda.

Akaleta. Nyekundu huku, kijani kule, mayai katikati. Nikaonja nyekundu. Mungu wangu! Sikuona haya kulia. Nimemkumbuka mwanamke huyu jamani, nimemkumbuka hadi sauti yake ya kunigombeza asubuhi.

Akaketi mbele yangu, jambo asilolifanya kamwe akiwa kazini. Akaniuliza kwa upole kitu kimoja tu. "Onofre, ile bizari. Ulikosea?"

Neno moja lilitakiwa. Ndiyo. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Mara nikamwona Tranquilino dirishani, ameinua vidole gumba vyote viwili kunitia moyo. Kunitia moyo mimi! Yeye!

Nikasema ilikuwa kidogo tu. Nikasema watu wa Texas waliomba nyongeza.

Eduvigen akainuka, akaenda jikoni, akarudi na kichupa cha bizari akakiweka kando ya sahani yangu. Akasema, "Jitilie, bwana. Hapa kila mtu hutia kwenye sahani yake." Akaenda kuhudumia meza ya pili.

Hakuniambia toka. Hiyo nadhani ni dalili njema.

Jumapili, 22 Septemba

Eduvigen karudi mjini. Yuko ng'ambo ya barabara. Foleni imelipita kanisa, na padri mwenyewe yumo kwenye foleni. Mzee Abundio kapita dirishani kwangu akanipungia kijiko.

Mchana Orlinda akaniletea sahani kwa mlango wa nyuma, imefunikwa kitambaa. Nikamwuliza kama aliyeipakua ni Eduvigen mwenyewe. Akasema ndiyo. Nikamwuliza kama alisema lolote. Akasema kula, kaka, inapoa.

Nikala nimesimama kando ya jokofu. Kijiko cha kwanza nikalia. Cha pili nikalia zaidi. Hakuna pilipili kama hii jimbo zima, na iko hatua chache kutoka kwangu, na siwezi kuvuka barabara.

Ila ina kasoro moja ndogo. Nikakitoa mfukoni kile kichupa cha Deming. Nikatia kidogo tu.

Ikaharibika yote, hailiki. Lazima bizari yenyewe ilikuwa ya zamani. Kesho nanunua mpya.