Cherehani ya Sihaba

Jumatatu, 7 Julai 2025
Sihaba yuko Mbwera tangu masika, anamuuguza shangazi yake. Kibiti tumebaki vumbi na mimi. Leo dada yake Mwamvua kaniambia cherehani ya Sihaba ilitumbukia majini wakati wa kupakua boti. Anatamani nyingine, ya kuzungusha kwa mkono. Nikaitikia kama nisiyejali, kisha nikaingia mnada wa mtandaoni. Nitampelekea mwenyewe, anione.

Jumanne, 8 Julai
Zipo, ila kila moja imejaa wanunuzi. Nikapata akili: nitafute kwa kuandika vibaya, kama muuzaji asiyejua tahajia. Nikaandika "chelehani". Ikatokea moja, nzima, bila mnunuzi hata mmoja. Nimejipongeza, maana hapakuwa na mwingine wa kunipongeza.

Alhamisi, 10 Julai
Kuna mtu kaiona. Anajiita Ua la Mikoko. Nikipandisha dau, naye anapandisha. Asubuhi nilijiwekea kikomo; adhuhuri nilishakivuka kwa hasira. Rizwan, mwenye duka jirani, akaniuliza kwa nini nisichukue cherehani mpya iliyo kwenye rafu yake, tena kwa bei ndogo kuliko hiyo. Nikamwambia haelewi minada. Alasiri Ua la Mikoko akachoka. Nimeshinda.

Jumapili, 13 Julai
Cherehani ilifika jana kwa basi. Leo kaja dada Mwamvua, uso kaukunja. Mdogo wake amelia. Alipata cherehani mnadani kwa kuandika jina ovyo makusudi, halafu mshenzi mmoja akampandishia bei mpaka akashindwa.
Nikamuuliza Mwamvua mdogo wake anajiitaje huko mnadani.
"Ua la Mikoko," akasema. Kisha akaiona cherehani kitandani. "Kumbe mshenzi mwenyewe ni wewe."
Nikamwomba Mwamvua ampelekee yeye mdogo wake. Sikuwa na uso wa kwenda.

Jumatano, 16 Julai
Sihaba kapiga simu; cherehani imemfikia. Mtandao unakatika, lakini cheko lake lilipita.
"Mudathiri, si ungeniuliza tu? Acha hizo akili zako. Njoo Ijumaa na boti ya Nyamisati, mikono mitupu, nikupikie wali wa mchele mpya."
Siku zote huniita kaka. Leo hakuniita kaka. Alipokata, nilibaki na simu sikioni mpaka ikapata joto.

Ijumaa, 18 Julai
Nilifika gatini Nyamisati mapema, shati limepigwa pasi. Abiria wakaanza kupanda. Nikawaza, mwanamume gani huenda kwa mwanamke mikono mitupu? Nikafungua simu, nikaandika "tah ya sola". Ipo moja, nzuri sana. Mnada unafungwa mchana, na nahodha anasema ukishaingia kwenye mikoko mtandao hupotea.
Boti imeondoka. Bado naiona, ndogo, inakata kona kuelekea kwake. Moyo wangu umo humo.
Mimi niko gatini. Tumebaki wanunuzi wawili, na mwenzangu anaonekana mgeni wa mambo haya. Sihaba atanielewa.