Saa za Jeshi Kapkatet

Jumatano, 11 Agosti 1971
Asante Mungu! Tangazo limebandikwa sokoni Kapkatet: jeshi linatafuta vijana wawili wa kufunzwa ufundi wa redio. Redio! Kitabu changu cha redio nimekisoma mpaka kurasa zimelegea. Usaili ni Ijumaa, 1500. Watu wanakodoa macho, wanaulizana hizo ni shilingi au ni nini. Mimi nimekimbia nyumbani. Kitabu changu kinasema ni saa ya kijeshi: ikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili. Inabaki tatu. Saa tatu asubuhi!

Alhamisi, 12 Agosti
Kipsang wa darasa letu hutengeneza redio za majirani bila kufungua kitabu. Hatari! Leo ameniuliza usaili ni saa ngapi. Nikaangalia mashamba ya chai, nikamwambia saa tisa mchana. Akanishika mkono, akasema, "Asante, ndugu yangu. Wewe ni kichwa!" Nikaona aibu. Nitamwombea.

Ijumaa, 13 Agosti
Nilifika mapema. Saa tatu, hakuna mwanajeshi. Saa nne, hakuna. Saa tano, mvua. Mama Phelis wa hoteli akaniuliza, "Kijana wa mzee Onyancha, unangoja bibi arusi?" Akanipa chai na mandazi bure. Mungu ambariki. Saa sita nikarudi nyumbani, nimelowa chapachapa.

Jioni. Kipsang amekuja na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando. Amechukuliwa! Anasema sajini alifika saa tisa kamili. Yaani alichelewa saa sita nzima! Jeshi gani hili? Lakini Kipsang alimwambia kwamba aliyemsaidia ni mimi, Momanyi. Sajini akasema Momanyi huyo aletwe: nafasi moja imebaki, kesho 0700, kabla lori halijaondoka. Karibu nilie. Kipsang akataka kunipitia alfajiri. Maskini, hesabu humshinda. Hapa hakuna cha kutoa. Saba ni saba: saa saba mchana. Nikamwambia alale, tutaonana huko huko.

Jumamosi, 14 Agosti
Asubuhi njema. Mama amenipigia shati pasi, huku akiimba. Nikiwa mlangoni nakunywa chai, lori la jeshi limepita kuelekea Kericho. Kipsang alikuwa nyuma, anapunga mikono yote miwili, anapaza sauti, anagonga kifundo cha mkono. Nami nikampungia. Rafiki wa kweli! Bila shaka wanakwenda kutia petroli. Mungu awarudishe salama kabla ya saa saba.