Mimi, Msomaji wa Watu

Jumatatu, 4 Machi

Mzee wa Stoo anastaafu Ijumaa! Miaka ishirini kashika funguo za misumari, gundi na bawaba, na muda wote huo kakaa kwenye kiti. Kiti chenye mto! Mimi huu ni mwaka wa kumi na moja napiga msasa miguu ya meza za watu, magoti sakafuni. Kiti kile ni changu.

Mpinzani ni mmoja tu, fundi wa vanishi. Tunamwita Mluzi kwa sababu hashiki brashi bila kupiga mluzi. Yeye ana mikono mizuri. Mimi nina akili. Nimegundua kwamba kila mtu ana kijitabia kinachomwanika. Wiki mbili nzima nimemchunguza Fundi Mkuu. Akipangusa miwani kwa ncha ya shati, kakasirika, usimsogelee. Akichomeka penseli nyuma ya sikio na kutazama dari, roho yake kwatu. Hapo omba lolote.

Hakuna karakana ya samani iliyowahi kuwa na mtu kama mimi. Nimejipongeza kwa chai ya pili.

Jumanne, 5 Machi

Saa nne asubuhi. Penseli sikioni, macho darini. Nikajitosa! Nikampa hotuba niliyoifanyia mazoezi bafuni: uaminifu wangu, magoti yangu, kiti. Midomo ilimchezacheza. Nikajua imemwingia, nikapandisha sauti.

Kumbe alikuwa anahesabu. Vipimo vya kabati la milango sita, vyote kichwani. Nilipofika kwenye goti la kushoto vikamtoka. Akakata kwa hasira, mbao zikatoka fupi shibiri nzima. Kabati la milango sita sasa ni la milango minne. Kaniuliza kama nina wazimu. Kisha kapangusa miwani.

Nilisema nini mimi? Miwani ni hasira! Elimu yangu imethibitika. Kwa jumla, siku njema.

Jumatano, 6 Machi

Leo zamu ya kumsoma Mluzi. Debe la gundi limekutwa wazi, gundi imekauka imekuwa jiwe. Fundi Mkuu katukusanya, kauliza nani kaliacha wazi. Mluzi akaanza kupiga mluzi!

Nikamvuta Fundi Mkuu pembeni. Nikamweleza kitaalamu kwamba mtu asiye na hatia hapigi mluzi mbele ya gundi iliyokauka. Akauliza, mimi je, nililigusa lile debe? Nikasema sijalisogelea tangu mwaka jana. (Nililiacha wazi mimi. Lakini hapa tunamzungumzia Mluzi.) Fundi Mkuu kanitazama usoni muda mrefu, akatabasamu, akaniambia nirudi kazini.

Tabasamu! Mluzi kwisha habari yake. Jioni nimempa pole mapema, asije akasema sina utu. Hakuelewa. Kapiga mluzi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwambia mama watoto ajiandae kuwa mke wa mtunza stoo. Kauliza kama nimeshaambiwa rasmi. Nikasema ni kama nimeshaambiwa. Kaendelea kukunja nguo.

Ijumaa, 8 Machi

USHINDI! Funguo ninazo!

Fundi Mkuu kasimama mbele ya karakana nzima akanikabidhi. Watu wakapiga makofi, Mluzi kuliko wote. Kisha akaeleza sababu, jambo ambalo halikuwa na haja kabisa. Kasema Mluzi ni mtu mzuri, ila uso wake ni ukuta. Anapiga mluzi akifurahi, anapiga mluzi akifiwa, utajuaje kilichomo? Lakini huyu bwana, akasema huku akininyooshea kidole, tangu aajiriwe, akitaka kudanganya tu hulainisha nyusi kwa vidole, kwanza ya kushoto, halafu ya kulia. Juzi kwenye gundi kazilainisha mara mbilimbili. Karakana nzima inajua. Stoo ikipungukiwa hata msumari mmoja, atamuuliza tu na kumtazama nyusi. Mtunza stoo wa namna hiyo atampata wapi?

Watu walicheka wakashika mbavu. Niliona aibu, sifichi. Mimi, msomaji wa watu, nisomwe kama kibao cha barabarani? Nikasema kwa sauti kwamba sijawahi kufanya kitu hicho maishani. Wakaanza kucheka upya, Mzee wa Stoo mpaka machozi yakamtoka. Nikatafuta mkono wangu. Ulikuwa kwenye nyusi ya kulia.

Wacheke. Wao wamesimama, nani kakaa? Mto ni laini kuliko nilivyodhani.

Jumamosi, 9 Machi

Nimetafakari vizuri, nikiwa nimekaa. Fundi Mkuu kafanya kosa kubwa: siri yangu kanitajia mwenyewe! Sasa nikitia tu mikono mifukoni, hakuna binadamu atakayenisoma. Mluzi ni ukuta? Mimi nitakuwa ngome.

Jioni nimejaribu nyumbani. Mama watoto kauliza kama nimeshaliangalia lile bomba la jikoni linalovuja. Nikazamisha mikono mifukoni mpaka karibu na viwiko, nikasema nimelitengeneza tangu jana. Kanikazia macho. Akaja karibu, akazunguka upande wa pili, akakazia tena. Kisha kacheka mpaka kakaa sakafuni, akawaita watoto waje waone. Eti nachezesha masikio, yote mawili.

Kesho natafuta kofia.