Kilomita Mia na Ishirini

Jumanne, 4 Machi 2025
Saa tatu asubuhi jengo limetikisika. Kikombe cha chai chini. Nimefurahi, Mungu anisamehe. Mzee Sedekia, mkuu wetu wa vituo vya kupima matetemeko, anastaafu Juni, na kiti chake tunakigombea wawili: mimi hapa Mbeya, Asmaa kule Iringa. Atakayetaja kitovu cha tetemeko kwanza ataonekana.

Mashine imechora vizuri. Wimbi la pili limefika sekunde kumi na tano baada ya la kwanza. Maana yake kitovu kiko kilomita mia na ishirini kutoka hapa. Upande gani, mashine yangu kuukuu haisemi. Asmaa amepiga simu: nisubiri nusu saa asome michoro ya Iringa, tulinganishe. Nimesema mtandao unasumbua. Nikakata.

Matetemeko mengi hutoka bonde la Rukwa. Nimepima magharibi kwenye ramani, nikaangukia kijiji cha Nkangalo. Nimeripoti Nkangalo. Mzee Sedekia kauliza, "Saulo, una uhakika?" Nimejibu asilimia mia.

Jumatano, 5 Machi
Malori ya uokoaji yamefika Nkangalo. Wenyeji walikuwa wanaanika karanga. Mwenyekiti wao kauliza kama mahema ni ya kampeni.

Asmaa alishatuma jibu lake jana, dakika arobaini baada yangu: Ihengule, mashariki, ng'ambo ya bonde la Usangu. Huko simu hazishiki, hivyo hakuna aliyeomba msaada. Wakubwa walishika langu. Nililisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Malori yamegeuka. Mvua. Barabara tope tupu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimetumwa Ihengule kupima nyufa. Nyumba za tofali mbichi zimelala chini. Mama mmoja, Faustina, alikuwa amekaa kando ya kifusi. Mumewe, Liberatus, alifukiwa humo. Majirani walichimba kwa majembe, boriti ikawashinda. Amesema Jumanne walizungumza mpaka jioni, mume akiomba maji. Jumatano mchana akanyamaza. Malori yalifika Alhamisi.

"Mlichelewa wapi, baba?"

Nimesema barabara. Akanipa pole ya safari, na kiazi cha kuchemsha. Nimekula. Nilikuwa na njaa.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetakiwa kujieleza kwa barua. Nimeandika kwamba mashine imechakaa. Ni kweli pia. Neno "nilikisia" nimeliandika mara tatu, mara tatu nimelifuta.

Mzee Sedekia ameisoma, akavua miwani. Hakugomba. Alitaja majina ya marehemu saba wa Ihengule, moja moja, taratibu. Nilisubiri amalize nimweleze vizuri habari ya zile sekunde.

Jumatano, 12 Machi
Tetemeko tena, saa nne asubuhi. Sekunde tisa, kilomita sabini na mbili. Asmaa kapiga simu mbio: "Tafadhali, Saulo, nusu saa tu." Nimemjibu kwa upole kwamba sasa nina uzoefu.

Magharibi nilishakosea. Nimewapigia wilayani moja kwa moja. Nimewaambia mashariki.